Kufuli la Ndani

Najma alizipindua sahani kifudifudi juu ya mkeka, safu kwa safu, zikawa kama waumini waliosujudu. Kisha akafungua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, akaanza kuzitia nukta moja moja kitakoni. Aliifanya kazi ile taratibu, ulimi ameubana pembeni mwa mdomo, kama mtu anayempaka mtoto wanja.

Bi Mwamvita, mama mkwe wake, alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha uani akichambua mchele. Aliitazama rangi, akautazama mkono wa mkamwana wake, akayarudisha macho kwenye ungo.

Pale Mtoni Kijichi hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha shughuli peke yake. Iwe harusi, iwe hitima, kila mwanamke hufika na sahani zake, zikachanganyika, zikalisha watu, na jioni kila mtu akachukua zake kwa kutazama alama ya kitakoni. Huyu ametia herufi, yule amekwaruza kwa msumari. Nyumba ya Bi Mwamvita alama yake ilikuwa buluu. Marehemu mumewe, Mzee Mwishehe, alipopaka mlango wa mbele alibakiza rangi kidogo kwenye kopo, na tangu siku ile hakuna kitu kilichoingia ndani bila kupewa mstari wa buluu: sahani, sufuria, mpini wa jembe, hata funguo. Mumewe alikuwa mtu wa namna hiyo. Vyombo alivyokuja navyo Najma siku alipoletwa bibi harusi navyo vilipata buluu wiki ile ile, na watu wakacheka wakasema sasa bibi harusi ameolewa kweli.

Leo sahani zilizokuja na Najma, hizo tu na si nyingine, zilikuwa zikifunikwa buluu kwa nyekundu.

"Kuna shughuli wapi?" Bi Mwamvita aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Rangi ya kucha haistahimili maji ya moto. Itabanduka."

"Itachukua muda gani?"

"Mwezi. Miwili, ukiosha kwa mkono mwepesi."

"Basi itanitosha."

Bi Mwamvita aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa mchangani. Sinia kubwa lilikuwa limeegemea ukuta, halijaguswa. Ndilo walilokuwa wakilia chakula pamoja miaka yote, yeye, Najma na mjukuu, na ndilo alilompa Najma kwa mkono wake, mbele ya watu, asubuhi ya pili ya harusi.

"Na hilo?"

Najma alilitazama. "Hilo la nyumba."

Bi Mwamvita aliurudisha mkono kwenye ungo.

Alikwisha kujua kwamba mkamwana wake anajiandaa kuondoka. Mjane hukaa sana, na anayekaa sana huona. Zamani Najma alikuwa akilia, akijibu, akitupa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini kabla wali haujaiva. Siku hizi hakulia. Alipika vizuri kuliko kawaida, alimsuka mwanawe Salsabil kila Ijumaa, na alizunguka ndani ya nyumba akivitazama vitu kama mgeni anayekumbuka alipoweka viatu.

Sababu ilikuwa getini. Geti lao lilikuwa la bati zito, lina tundu la kupitisha mkono. Anwar, mwanawe wa pekee, alipotoka asubuhi kwenda dukani kwake Buguruni, aliingiza mkono tunduni, akafunga kufuli kwa ndani, akaondoka na ufunguo. Aliyepita njiani aliona geti limefungwa na watu wamo, akaona ni heshima ya nyumba. Kufuli walilijua wa ndani tu.

Ilianza mwaka uliopita, Najma alipochelewa kurudi kutoka kwenye maulidi. "Dunia imeharibika, mama," Anwar alisema. "Nikiwa kule dukani moyo wangu haukai." Simu ya Najma nayo aliichukua, akasema imeharibika. Hakuwahi kumpiga mkewe. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, kama mtu anayengoja ashukuriwe. Aliwaletea samaki, mboga na matunda mazuri, asiwanyime kitu. Salsabil alitoka naye kwenda shule na kurudi naye jioni, akitokea madrasa iliyo jirani na duka. Naye Anwar alimbusu mama yake mkono kila alfajiri. Na Bi Mwamvita, ambaye miguu yake haikuwa na safari nyingi tena, alijiambia kwamba kufuli lile ni la mke na mume. Lilikuwa la Najma.

Siku mbili baada ya zile sahani, Suhaib alikuja. Alikuwa kaka yake Najma, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Alisimama nje ya geti, akasalimia kupitia tunduni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hali ya nyumbani?"

"Nyumbani salama. Utanikaribisha wapi nami niko nje," alisema, akacheka kidogo, bila furaha. "Niitie dada yangu."

Najma alikwenda, akapachika shavu kwenye bati. Bi Mwamvita alirudi kwenye kibaraza, lakini bati halifichi sauti.

"Nimekwenda kuuliza," Suhaib alisema. "Mahakama haikupokei hivi hivi. Lazima kwanza muitwe kwenye baraza la usuluhishi, msikilizwe nyote wawili. Wakishindwa kuwapatanisha ndipo wanakupa barua ya kwenda mbele. Nimekuandikisha."

"Sawa."

"Sasa ujiandae. Usiende pale na machozi. Ujue vyako ni vipi. Ujue mtoto atalala wapi, atasoma wapi. Chumba kwangu kipo, mke wangu ameshakifagia. Ila watakuuliza, nani aliyeona? Mie sijaona kitu. Nimeona geti tu, na geti kila nyumba linalo."

Najma alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Shahidi unaye?"

"Ninaye mmoja."

"Nani?"

Kuku wa jirani aliparua, akanyamaza.

"Hatasema," Najma alisema. "Ni mwanawe."

Bi Mwamvita alijikuta amekamata ungo mtupu mapajani. Mchele ulikuwa umekwisha kupikwa tangu adhuhuri.

Asubuhi moja ya wiki iliyofuata, sauti iliita tunduni. Ilikuwa ya Farida, binti wa Bi Zubeida mwenye duka la kona.

"Bi Mwamvita, mama ametutoka."

Bi Zubeida alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Walifiwa na waume na kukaa eda mwaka ule ule, walisoma yasini pamoja kila Alhamisi, na walichekana. Bi Mwamvita ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa mtaa ule, na Bi Zubeida alikuwa na desturi ya kumkumbusha kwa mzaha: "Nikifa unioshe wewe. Wale wenzako wana mikono ya baridi, nitashtuka nirudi." Safari ya mwisho hakutania. Alimshika kiganja, akasema, "Wewe tu, Mwamvita," na Bi Mwamvita akaitikia inshallah.

"Innalillahi wainna ilaihi rajiuna," alisema sasa, akalisogelea geti. Kufuli lilikuwa mbele ya macho yake, zito, na baka la buluu la Mzee Mwishehe ubavuni.

"Alikutaja wewe," Farida alisema. "Maji yameshawekwa. Tunazika baada ya alasiri."

Simu ndogo ya Bi Mwamvita ilikuwa kiunoni. Alimpigia Anwar, naye akajibu kwa haraka kwamba ana wateja, anakuja sasa hivi. Bi Mwamvita aliujua urefu wa sasa hivi ya mwanawe. Najma alisimama kando yake, macho kwenye kufuli. Neno moja tu lilitakiwa, na Farida angeita vijana, na vijana wangeleta nyundo. Lakini kabla ya adhuhuri wanawake wote pale msibani wangekuwa wamejua kwamba mtoto wa Mwishehe humfungia mamaye kama mbuzi.

"Mwanangu Farida," alisema, "mguu umenikamata tangu jana. Siwezi kusimama."

Alikuwa amesimama.

"Hata tukikuletea bajaji?"

"Hata bajaji. Mwambieni mke wa imamu aoshe. Nisameheni."

Nyayo za Farida ziliondoka. Najma aliingia jikoni, na kwa muda mrefu hakuna chombo kilicholia kule ndani.

Anwar hakuja adhuhuri, wala alasiri. Bi Mwamvita alisali, akakaa juu ya mswala hadi aliposikia watu. Walikuja na barabara iliyopita mbele ya geti lao, wakisema la ilaha illallah kwa pamoja, sauti nzito za wanaume wanaotembea haraka na mzigo. Alikwenda kwenye tundu, akaweka jicho. Aliona viatu. Aliona pindo la kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza, likapita, na vumbi. Kisha aliona barabara tu.

Najma alimletea kigoda. "Kaa, mama."

"Mguu hauniumi."

"Najua."

Alikaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefunguliwa, haina kazi. Ilimjia kwamba kilichomzuia asubuhi ile hakikuwa ufunguo. Uongo ule wa mguu hakuna aliyemtuma. Kufuli lilikuwa limekaa getini kwa muda mrefu, na yeye alikuwa amekaa nalo, mpaka likajifunza kutumia mdomo wake.

Anwar alirudi baada ya magharibi, amebeba mfuko wa machungwa. Alisikitika kweli. "Wateja walinibana, mama. Vaa, nikupeleke." Kwenye matanga wanawake walimpisha, wakamnyooshea mkeka. Mmoja wao, mama mwenye miwani ambaye alikuwa mjumbe wa mambo mengi ya mtaa, alimvuta mguu mapajani kwake, akaanza kuuchua kwa mafuta ya karafuu.

"Panauma wapi?"

"Hapo."

"Mbona hapajavimba?"

"Ni ndani," Bi Mwamvita alisema.

Wito wa baraza ulipokuja, Anwar aliusoma akiwa amesimama, akaukunja, akautia mfukoni. Kesho yake kufuli halikuwepo getini. Geti lilisukumwa na upepo, likafunguka, likajifunga, na Salsabil, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, alitoka na kuingia mara nyingi bila sababu, akicheka.

Anwar alimfuata mamaye kibarazani. Alichuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka ruhusa.

"Watakuuliza, mama. Wewe ndiye mtu mzima wa nyumba."

"Wataniuliza nini?"

"Najma amekwenda kusema nawafungia."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema geti linafungwa kwa sababu ya vibaka. Na ufunguo mwingine upo ndani, unakaa na wewe. Siku zote ulikuwepo." Alitoa kitu mfukoni, akamwekea kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. "Huu hapa."

Ulikuwa mpya. Meno yake yalikuwa makali bado, na chenga za chuma alizoacha fundi zilimwashawasha kiganja.

"Anwar."

"Mama, nisikilize. Hata msiba wa Bi Zubeida hukwenda kwa ajili ya mguu. Umesema mwenyewe. Farida amesikia, mtaa mzima umekupa pole. Leo ukisema mengine, watakuuliza kipi ni kweli, na wewe ndiye unayetuoshea wafu wetu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemkinga na jua. "Nikishindwa pale, anakwenda mahakamani, na Salsabil anaondoka naye. Wakimwona yeye ndiye mkaidi, mtoto anabaki hapa, na wewe. Analala kitandani kwako tangu alipoachishwa ziwa. Utaweza?"

Alinyanyuka, akapiga hatua, akarudi. "Ufunguo utie buluu, mama. Kama vingine. Baba alikuwa anavitia vyote, na watu wanajua."

Alipoondoka, Bi Mwamvita alimtazama mjukuu wake akipita getini kwa mguu mmoja, akirukaruka. Usiku mtoto yule hulala kisigino kimemgandamiza bibi yake ubavuni, na ukikisogeza hurudi. Alikuwa na miaka saba. Kwa Suhaib ni ng'ambo ya mji, Kunduchi. Mtoto huanza kwa kuja kila Jumapili, kisha kila sikukuu, kisha huja mrefu, anakusalimia kwa adabu.

Alikwenda stoo. Kopo la buluu lilikuwa juu ya rafu, na kufuli lilikuwa pale pale, nyuma yake, Anwar hakulificha mbali. Alibandua kifuniko kwa bisibisi. Rangi ilikuwa imefunga ngozi juu. Akaichana, akamimina mafuta ya taa kidogo, akakoroga kwa kijiti. Chini bado ilikuwa hai, buluu ile ile ya mlango wake. Aliulaza ufunguo mpya kwenye ubao. Mstari mmoja tu, na ungekuwa umeishi katika nyumba hii miaka yote.

Alikinyanyua kijiti. Tone likaanguka, si juu ya ufunguo, bali juu ya ukucha wa dole gumba lake la kushoto. Na msikitini wakaadhini alasiri.

Aliacha kila kitu, akaenda kutawadha. Maji yalipita juu ya lile tone na kuteleza. Alisugua kwa sabuni. Alisugua kwa mchanga. Maiti yenye rangi kuchani haioshwi hivi hivi. Kwanza huondolewa rangi, ukucha kwa ukucha, hadi maji yafike mwilini, na yeye mwenyewe amewafanyia mabibi harusi waliokufa na hina haijafifia. Aliwafundisha wasichana kazi ile: usiwe na haraka, maji lazima yafike. Sasa alirudi stoo, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua ukucha wake hadi nyama ikawaka. Lile tone lilimchukua muda mrefu kuliko udhu wote. Lilipotoka, watu msikitini walikwisha kutoa salamu, naye akasali peke yake, amechelewa, mikono ikinuka mafuta ya taa.

Baada ya sala alikaa sana. Alipoinuka alikwenda stoo mara ya tatu, akalifunika kopo, akaligonga kifuniko kwa mpini wa bisibisi pande zote, akauchukua ufunguo bila kuutia rangi.

Asubuhi iliyofuata, siku ya baraza, Najma alikuwa amekwisha kuvaa. Sahani zake zilikuwa ndani ya boksi, zimefungwa kwa magazeti. Bi Mwamvita alimkuta Salsabil peke yake jikoni, akamwambia, "Nitafutie kile kichupa cha mama yako."

Mtoto alikileta. Bi Mwamvita alilipindua sinia, akatia nukta nyekundu juu ya buluu, kubwa, kwa mkono usiozoea.

"Bibi, hilo linakwenda shughuli ya nani?"

"Ni la mama yako," alisema. "Nilimpa mimi. Lisogeze juani likauke."

Baraza lilikaa katika chumba nyuma ya msikiti, chenye mabenchi na feni iliyozunguka kivivu. Shehe alikuwa mezani, kulia kwake mzee mmoja, kushoto kwake yule mama mwenye miwani aliyemchua mguu. Najma na Suhaib walikaa upande mmoja. Bi Mwamvita alikaa benchi la nyuma, upande wa mwanawe, pindo la kanga limefungwa fundo kiunoni, ufunguo ule mpya ndani yake.

"Hatukuwaita kuvunja," shehe alisema. "Tumewaita tuone kama kuna kilichobaki cha kushika. Kisipokuwepo, mahakama iko mbele yenu. Najma, tumekusikia. Anwar?"

Anwar alizungumza vizuri. Alimtaja mkewe kwa heshima, akataja samaki na mboga na ada ya shule. Kufuli alilitaja mwisho, kwa tabasamu la kuchoka. "Vibaka, shehe, nyote mnawajua. Na ufunguo mwingine uko na mama yangu. Mama yupo, anao."

Najma alikuwa anatazama sakafu. Hakuinua uso.

"Bi Mwamvita," shehe aliita, "hebu sogea hapa karibu tukusikie."

Anwar alikwisha kusimama, mkono ameunyoosha. "Mwacheni aseme pale pale, shehe. Mguu unamsumbua mama."

"Ah, pole, mama. Basi kaa, kaa hapo hapo."

Yule mama mwenye miwani alimtazama usoni, kisha akautazama mguu.

Bi Mwamvita alisimama. Mkono wa mwanawe ulikuwa pale, mkono mzuri, wenye saa ya baba yake, akaupita. Kutoka benchi la nyuma hadi mezani si mbali, na kandambili zake zilisikika moja moja, sawasawa, bila kuburuza, bila kuchechemea. Alitembea kama anavyotembea kwenda kwa maiti, bila haraka.

"Mama," Anwar aliita nyuma yake, sauti ya mtoto aliyeachiwa mkono sokoni.

Hakugeuka. Alifika mezani, akalishika pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, na vidole vyake, vilivyonuka bado mafuta ya taa, vilikataa. Akainama, akaanza kulifungua kwa meno.